Mume wangu ana kesi, nami kanifungulia kesi: naweza kuzihamishia Mafinga?

SWALI

Ndugu washauri, shikamooni.

Naomba mnisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia. Nina miaka 31, nimefunga ndoa na nimeishi na mume wangu miaka minane katika wilaya moja ya Mkoa wa Mbeya. Naomba nisiitaje, kwa kuwa watu wa kule wanasoma. Tuna watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

Mwezi wa tatu mume wangu alinipiga kwa mpini wa jembe. Nilishonwa nyuzi sita juu ya jicho. Nilipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikatibiwa, maelezo yangu yakaandikwa Dawati la Jinsia na Watoto. Akapelekwa Mahakama ya Wilaya kwa shambulio la kudhuru mwili, na sasa yuko nje kwa dhamana. Mimi nilichukua watoto nikarudi kwa wazazi wangu Mafinga.

Wiki chache baadaye naye akanifungulia kesi Mahakama ya Mwanzo ya kule tulikokuwa tukiishi. Anasema nimemwibia magunia saba ya mpunga na pikipiki. Mpunga huo tulilima wote, na niliuuza kulipia matibabu na nauli ya kuondoka. Pikipiki ilinunuliwa kwa mkopo wangu wa kikoba, ila kadi ina jina lake. Nimepata dhamana, mjomba wangu ndiye aliyenidhamini.

Tangu hapo sina raha. Kila tarehe ya kesi hizi mbili natoka Mafinga alfajiri na mtoto mgongoni, nashuka njia panda, nachukua bodaboda hadi mahakamani, na mara nyingi naambiwa kesi imeahirishwa. Kesi yake bado haijaanza kusikilizwa. Juzi alinifuata stendi akaniambia nikithubutu kusimama kutoa ushahidi sitarudi Mafinga. Mama mmoja muuza ndizi alisikia. Halafu kwenye kesi yangu, mmoja wa washauri wa mahakama, wale raia wanaoketi na hakimu, ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu. Na watu wanasema hakimu wa ile kesi ya wilaya huwa anakunywa naye.

Kijana mmoja anayeshinda nje ya mahakama ameniambia nikimpa laki tatu mafaili yote mawili yatahamia Mafinga ndani ya wiki moja. Wazee wa upande wa mume wanataka tuyamalize nyumbani. Wananiambia mke hawezi kumshuhudia mumewe vibaya, na kwamba nikiacha tu kwenda, kesi zitakufa zenyewe.

Naombeni mniambie, kesi inahamishwaje? Nimwandikie nani? Na nikiacha kwenda itakuwaje?

Mama wa Wawili, Mafinga

JIBU

Marahaba, mama, na pole kwa kipigo na kwa safari hizo.

Tuanze na laki tatu: usitoe. Hakuna karani, wakala wala mtu wa masjala mwenye uwezo wa kuhamisha kesi ya jinai kutoka wilaya ya Mkoa wa Mbeya kwenda Wilaya ya Mufindi, iliko Mafinga. Hiyo ni amri ya Jaji wa Mahakama Kuu, inaandikwa na kusainiwa, na inatolewa baada ya pande zote kusikilizwa. Kijana huyo atachukua fedha kisha akuambie jaji amekataa. Kibaya zaidi, anayetoa rushwa anatenda kosa sawa na anayepokea, na mumeo akilijua hilo atakuwa amepata silaha dhidi yako. Akikurudia, piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Jambo la pili ni kuacha kwenda, na hapa tunakuomba sana usiwasikilize wazee. Katika kesi ya mpunga wewe ni mshtakiwa. Ukikosa siku moja bila taarifa, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na mjomba wako ataitwa aeleze kwa nini dhamana aliyoweka isichukuliwe. Kesi ya namna hiyo haifi, wewe ndiye utakayeletwa na polisi. Katika kesi ya shambulio, kukosekana kwako siku ya ushahidi ndiko mumeo anakokutaka. Mwendesha mashtaka asipokuwa na shahidi ataomba ahirisho, na maahirisho yana kikomo. Mwisho atafunga ushahidi akiwa na PF3 na maelezo ya mpelelezi tu, na mahakama itasema hakuna kesi ya kujibu. Kesi nyingi za kupigwa ndani ya ndoa huishia hapo, ingawa ushahidi ulikuwepo.

Sasa tuzitenganishe kesi zako, kwa sababu nafasi yako katika moja siyo nafasi yako katika nyingine, na mlango wa kuhamisha moja si mlango wa kuhamisha nyingine.

Kesi ya shambulio ni ya Jamhuri dhidi ya mumeo. Ulipigwa wewe, lakini mdaawa, yaani mhusika wa kesi, ni Jamhuri, na wewe ni shahidi. Hili lina faida ambayo inaonekana hakuna aliyekueleza: shahidi halazimiki kwenda siku kesi inapotajwa. Kutajwa ni siku ambayo mahakama inauliza upelelezi umefika wapi na kupanga tarehe nyingine, na anayetakiwa kuwepo ni mshtakiwa. Wewe unatakiwa siku ya kusikilizwa, ukiwa umepewa wito. Kwa hiyo nusu ya safari zako ungeweza kuziacha kuanzia leo bila kuvunja sheria yoyote. Muombe mwendesha mashtaka namba yake ya simu, umpe yako na ya mzazi wako Mafinga, na kila kesi inapoahirishwa muulize jambo moja tu: tarehe ijayo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Siku ya kusikilizwa, muombe akutangulize kati ya mashahidi kwa kuwa unatoka mbali na una mtoto anayenyonya. Uliza pia habari ya posho ya shahidi, na tunza tiketi zako za basi.

Je, kesi hiyo inaweza kuhamia Mafinga? Kisheria, ndiyo. Kifungu cha 191 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru kesi itoke mahakama moja ya chini kwenda nyingine yenye mamlaka sawa au makubwa zaidi. Sababu zimetajwa humo humo: kwamba kesi haiwezi kusikilizwa kwa haki na bila upendeleo pale ilipo, kwamba kuna swali gumu la kisheria lisilo la kawaida, kwamba mahakama itahitaji kuliona eneo la tukio, kwamba uhamisho utawarahisishia wadaawa au mashahidi kwa ujumla, au kwamba haki inahitaji hivyo. Jaji anaweza kuchukua hatua kwa taarifa ya mahakama ya chini, kwa ombi la upande wenye maslahi, au kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tahadhari kuhusu namba. Tunazozitaja humu ni za matoleo yaliyotangulia urekebu wa sheria (kuzichapa upya pamoja na marekebisho yake) wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Julai 1, 2025. Urekebu huo ulibadilisha namba za baadhi ya vifungu. Yeyote atakayekuandikia ombi afungue toleo jipya kwanza, kwa maana kifungu kilichokosewa ni pingamizi la bure kwa upande wa pili.

Kisheria inawezekana, lakini tukizipima sababu zako moja moja, hatuoni kwamba hiyo ndiyo njia bora kwako. Kawaida ya sheria ni kwamba kosa linasikilizwa na mahakama ya eneo lilikotendeka. Daktari aliyekushona yuko huko. Mpelelezi, jirani aliyesikia kelele na mtendaji wa kijiji wako huko. Ukiomba Mafinga kwa sababu ya nauli na mtoto, Jaji atauliza urahisi huo ni wa nani: wa shahidi mmoja, au wa wadaawa na mashahidi kwa ujumla? Kukupunguzia wewe safari kutawaongezea safari watu wanne au watano, na daktari asipofika Mafinga kesi yako imepoteza mguu.

Habari ya hakimu kunywa na mumeo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mahakama ya Rufani imekwisha kuweka msimamo kuhusu kumkataa hakimu. Kuwe na ushahidi wa uhasama kati yake na mdaawa, au awe na uhusiano wa karibu na upande mmoja, au yeye au mtu wake wa karibu awe na maslahi katika matokeo ya kesi. Hofu ya kudhania haitoshi. "Watu wanasema" ikiingia kwenye kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia, itavuta chini hata sababu zako nzuri. Kama yupo mtu aliyewaona kwa macho yake na yuko tayari kuapa siku na mahali, hilo ni jambo jingine. Hata hivyo dawa yake ya kwanza ni kumuomba hakimu huyo ajitoe, na Hakimu Mfawidhi, mkuu wa mahakama hiyo, ampangie mwenzake. Kesi inabaki jengo lile lile, inabadilika meza. Hakuna haja ya kwenda kwa Jaji Mbeya kwa jambo linaloweza kumalizwa na mahakama yenyewe.

Tishio la stendi ndilo lenye nguvu, na ajabu ni kwamba hukutuambia kama uliripoti. Nenda polisi. Eleza siku, saa, mahali, maneno aliyoyatamka kama alivyoyatamka, na jina la yule mama muuza ndizi. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kisha peleka nakala kwa Wakili wa Serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka anayeshika faili, pamoja na barua fupi. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akimtisha shahidi, Jamhuri inaweza kuomba masharti yake yakazwe, kwa mfano apigwe marufuku kukukaribia au kukupigia simu, au dhamana ifutwe kabisa. Ombi hilo linasikilizwa na hakimu huyo huyo na linaweza kuamuliwa haraka. Linakulinda zaidi kuliko uhamisho, kwa maana mume aliye huru anaweza kupanda basi kuja Mafinga kama unavyopanda wewe kwenda kwake.

Ipo njia nyingine ambayo watu wa vijijini hawaielezwi. Sheria inaruhusu ushahidi kutolewa kwa njia ya video, na tangu 2021 zipo kanuni za kuendesha mashauri kwa mtandao. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza pia kuomba shahidi aliye hatarini asikilizwe kwa namna hiyo. Barua yako kwa Wakili wa Serikali iseme wazi kwamba uko tayari kutoa ushahidi ukiwa katika jengo la mahakama Mafinga, ukieleza tishio na hali ya mtoto. Ikikubaliwa, umepata ulichokuwa unakitafuta bila faili kutoka lilipo.

Ikiwa baada ya hayo yote vitisho vinaendelea, au mashahidi wengine nao wanatishwa, hapo uhamisho una hoja. Njia iliyonyooka ni kumwandikia Wakili wa Serikali Mfawidhi wa Mkoa wa Mbeya, ueleze matukio na uambatanishe RB, ukiomba Jamhuri yenyewe ndiyo ipeleke maombi. Tunakushauri hivyo kwa sababu mbili. Ukiomba mwenyewe, utaanza kwa kubishaniwa kama shahidi ni "upande wenye maslahi". Na Mkurugenzi wa Mashtaka akiomba, sheria haimlazimishi kuambatanisha kiapo, wakati mwombaji mwingine yeyote lazima ale kiapo. Maombi yawahi kabla shahidi wa kwanza hajasimama. Ushahidi ukishaanza kurekodiwa, linazuka swali la kuanza upya, na Jaji atasita.

Kabla hatujaiacha kesi hii, tuliondoe neno la wazee kwamba mke hawezi kumshuhudia mumewe. Kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinamlinda mwanandoa asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, lakini kinaweka mipaka. Pale mtu anaposhtakiwa kwa tendo lililomdhuru mwenzi wake, mali ya mwenzi wake au watoto wao, mwenzi huyo anaruhusiwa kutoa ushahidi, na anaweza kuitwa kwa lazima. Kesi yako ni hiyo hasa. Sheria ya Ndoa nayo, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vinginevyo.

Sasa tuje kwenye kesi ya mpunga na pikipiki. Hapa wewe ni mdaawa kamili, na mlango ni wako mwenyewe.

Kwanza mshauri wa mahakama. Ukoo wa baba mdogo ni uhusiano wa karibu usio na ubishi, na unathibitishwa kwa watu wawili wanaoujua ukoo. Siku ya kwanza kabisa utakapokuwa mbele ya hakimu, kabla shahidi yeyote hajaanza, nyoosha mkono useme: "Mheshimiwa, mshauri huyu ni ndugu wa mlalamikaji, ni mtoto wa baba yake mdogo. Naomba abadilishwe, na naomba ombi langu liandikwe kwenye mwenendo." Mwenendo ni kumbukumbu ya maandishi ya kesi, kwa hiyo maneno hayo ya mwisho usiyaache. Pingamizi lisiloandikwa halitakufaa kwenye rufaa. Mara nyingi hakimu ataita mshauri mwingine na mambo yataendelea, bila uhamisho wowote.

Kama bado unaona haki haitatendeka pale, tumia kifungu cha 47 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Wakati wowote kabla ya hukumu, Mahakama ya Wilaya inaweza kuamuru shauri litoke Mahakama ya Mwanzo lije kwake. Mahakama ya Mwanzo nayo inaweza kulipeleka huko kwa ridhaa ya Mahakama ya Wilaya. Sababu ni pamoja na uzito au mazingira ya shauri, na kuwepo sababu ya msingi ya kuamini kwamba haki itapotea likisikilizwa pale lilipo. Wewe unazo: mlalamikaji wako ni mshtakiwa katika kesi uliyoishitakia polisi, malalamiko yake yalikuja wiki chache baada ya hayo, mali inayodaiwa ni ya ndani ya ndoa, na ndugu yake ameketi na hakimu. Kumbuka tu kwamba unaomba ipande kwenda Mahakama ya Wilaya ya huko huko, siyo Mafinga. Kuivusha mkoa kunaturudisha kwa Jaji, kwa sababu dhaifu zile zile za nauli.

Faida za kupanda ni za kweli. Kesi mbili zitakuwa jengo moja, na unaweza kuomba zipangwe siku moja. Muhimu zaidi, Mahakama ya Wilaya mashtaka yanaendeshwa na Jamhuri. Mahakama ya Mwanzo mumeo anajiendeshea mwenyewe kama mlalamikaji, lakini huko juu Wakili wa Serikali atalifungua faili na kujiuliza kama kweli mke aliyeuza mpunga alioulima mwenyewe ni mwizi. Akiona halina msingi anaweza kuliondoa. Hasara nayo uijue kabla hujaomba. Kifungo cha Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida hakizidi miezi 12, wakati Mahakama ya Wilaya inaweza kufika miaka mitano. Kwa ushahidi ulio nao sisi tungeomba ipande, lakini uamuzi huo uufanye ukiwa umekaa na wakili na hati ya mashtaka iko mezani.

Utetezi wako una jina. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa kosa la mali ikiwa alitenda kwa kuamini kwa dhati kuwa ana haki juu ya mali hiyo, bila nia ya kudanganya. Kusanya vinavyoonyesha hivyo: daftari la kikoba lenye tarehe ya mkopo na marejesho, risiti ya mbolea na dawa kama ipo, jirani wa shambani aliyekuona ukipandikiza na kuvuna, risiti za hospitali zinazoonyesha fedha za mpunga zilikwenda wapi. Kadi ya pikipiki yenye jina la mumeo ni ushahidi upande wake, lakini tarehe ya mkopo ikikaribiana na tarehe ya ununuzi inaupunguza nguvu sana.

Sasa hati ya kiapo, kwa sababu ombi la kifungu cha 47 hushinda au hushindwa hapo. Kiapo ni cha mambo unayoyajua mwenyewe. Hakina hoja za sheria, hakina maombi, hakina matusi. Aya kama "Mume wangu ana fedha na mahakama yote iko mfukoni mwake" itafutwa, na inaweza kukuharibia mengine. Andika hivi: "Kwamba mshauri wa mahakama aliyeketi kwenye shauri hili siku ya (taja tarehe) ni mtoto wa marehemu (taja jina), ambaye ni mdogo wa baba mzazi wa mlalamikaji. Ninalijua hilo kwa kuwa nimeishi katika ukoo huo kwa miaka minane." Aya moja, jambo moja, na chanzo cha kulijua. Ukisema yule mama muuza ndizi alisikia tishio, naye ale kiapo chake, vinginevyo maneno yake kwenye karatasi yako ni ya kusikia tu. Mwisho kuna uthibitisho unaotaja aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa na nani, kisha sehemu ya kuapa yenye tarehe, mahali na saini mbele ya kamishna wa viapo. Maombi mengi hutupwa kwa sababu sehemu hiyo haina tarehe, au kamishna hakuandika mahali mwapaji alipoapia. Isome mwenyewe kabla ya kuondoka mezani kwake.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na mtu asikutoze fedha za ziada eti lazima ombi liwe la Kiingereza. Mashauri siku hizi husajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Kama huna wakili, nenda masjala na karatasi zako wakuelekeze. Kupeleka ombi hakusimamishi kesi. Siku ya kesi fika, onyesha nakala ya ombi lenye namba, na umuombe hakimu aahirishe hadi liamuliwe.

Kuhusu wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu mtu asiye na uwezo kusaidiwa bila malipo, na kwa kuwa wewe ni mshtakiwa unaweza pia kumweleza hakimu hali yako ili aamuru upatiwe msaada. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako Mafinga itakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa, na hapo hapo waeleze habari ya matunzo ya watoto. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kupata karatasi na kukushauri, ila hawezi kusimama mahakamani kama wakili wako.

Na wazee? Waheshimu, lakini kikao cha ukoo hakifuti kesi ya Jamhuri. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni upande wa mashtaka kupitia mahakama, siyo baba mkwe. Wakikuletea karatasi ya makubaliano usisaini kabla wakili hajaisoma, hasa ikiwa na sentensi inayosema ulidanganya polisi. Wakisema mumeo ataondoa ya mpunga ukiachia ya kipigo, ujue unaombwa kubadilishana kovu la juu ya jicho kwa magunia uliyoyalima mwenyewe.

Kwa hiyo kesho polisi kwa ajili ya RB ya tishio, kisha barua kwa Wakili wa Serikali, nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Katika tarehe ijayo ya kesi ya mpunga anza na pingamizi la mshauri, na siku hiyo hiyo omba nakala ya hati ya mashtaka. Itazame inasema mwenye mpunga ni nani na thamani ya pikipiki ni kiasi gani. Ikiandika kwamba mali yote ni ya mumeo peke yake, hapo ndipo daftari la kikoba linapoanzia kazi.